Daftari la Wakfu, Pandani

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa pembeni,
lakini mti wenyewe umesalimika:
*Mkarafuu mmoja, nyuma ya kisima, wa Mize binti Khelef,
kwa mafuta ya taa, isha na alfajiri.*
Shamba hakuwa nalo Mize. Alikuwa na mti.
Akautoa, akarudi kukuna nazi.

Wino unaofuata ni mzito zaidi.
Minazi mitatu, kwa kata ya kutekea maji ya udhu.
Mkarafuu, kwa jamvi.
Mikarafuu miwili, kwa sanda ya maiti asiye na wenyewe.
Msikiti ulikuwa wa udongo, makuti juu;
masika ikivuja imamu husogea, maamuma husogea,
safu ikapinda kama mundu,
na swala ikaswihi.

Kisha karafuu zikapanda bei.

Zikapanda, na watu wakapanda nazo,
wakakopa kwa vikonyo ambavyo havijatoka,
na mdai alipopiga hodi, hati mkononi,
Nassor bin Msellem alikuwa ameshamtangulia kwa kadhi:
"Shamba si langu tena, la Mwenyezi Mungu.
Kamdai Yeye, ukimweza."
Wengine wakajifunza.
Kurasa ishirini na mbili: Kiuyu, Shengejuu, Kangagani,
bonde zima la mpunga na chura wake.
Msikiti ukavaa bati, ukavaa chokaa, ukavaa saa ya ukutani.
Maalim Shaame, msimamizi, babu wa babu yangu,
akanunua kalamu ya chuma
na mizani isiyoguswa na mwengine.

Hapo ndipo daftari linapoanza kukunja uso.
*Faki wa Makame, atoke bondeni, kapanda muhogo bila ruhusa.
Bikombo, mjane, kodi ya kiwanja, miezi saba.
Time binti Kombo, kuchambua, masiku matatu, pishi thelathini.*
Na mbele ya Time, pale pa pesa, hapana kitu.
Doa la wino tu,
dogo, kama karafuu iliyoanguka nje ya jamvi.

Taa zilikuwa kumi na mbili. Zikiwaka zote.

Sijui kama dhuluma hupanda mtini.
Kwetu husemwa hivyo; mabwana shamba walisema ni maradhi:
mkarafuu huanza kukauka kileleni,
mwezi haujaandama umeshakuwa kuni.
Maalim aliipigia mstari kila miti iliyokufa,
mistari iliyonyooka, kwa rula.
Mwanawe hakujisumbua na rula.
Halafu ukaja mwaka ambao nyumbani hatuutaji,
zikaja kamba za kupimia,
eka tatu, eka tatu, eka tatu,
na mjukuu wa Faki akarudi bondeni na mbegu ya muhogo,
mara hii na karatasi.
Baba alisema, "Wametunyang'anya."
Bibi alikuwa anapepeta mchele.
"Wametunyang'anya nini?" akauliza,
na hakuusimamisha ungo.

Leo umeme unatoka ng'ambo kwa waya wa chini ya bahari.
Msikiti una feni nne na deni la feni nne.
Kisima kimefukiwa, hakuna ajuaye
nyuma yake ilikuwa upande gani.

Daftari nimerithi mimi, kwa kuwa wengine waliogopa vumbi.
Nilihesabu: pishi thelathini, pesa mbili kwa pishi.
Nikaigeuza kuwa shilingi za sasa mara tatu,
zikatoka jumla tatu.
Nikachukua iliyo kubwa, nikaitia ndani ya bahasha, nikaenda Kangagani.

Kitukuu cha Time anaitwa Hidaya, anachoma mikate ya ufuta.
Aliusoma ule mstari polepole, kidole kina unga,
kikaacha doa jeupe kando ya lile jeusi.
"Kwa bei ya mwaka upi?" akaniuliza.
Sikuwa na jibu.
"Na haya masiku matatu, mmeyalipa ukurasa gani?"

Akaihesabu bahasha, noti kwa noti, akaitia kifuani.
Kisha akanifungia mikate miwili, moto bado,
akanitajia bei.